Kura Sita za Kwale

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro hakufiki kilomita 70, na barabara ni ya lami, ila nilishakuwa na watoto wa kusomesha kabla sijauvuka mpaka ule. Sisi Wadigo tumegawanyika pande mbili tangu Mjerumani na Mwingereza walipopiga mstari wao mwaka 1886. Mama yangu ana mdogo wake Msambweni, na kila msiba au harusi tulikuwa tukimtuma mtu mwingine. Safari hii nilikwenda mwenyewe, na nilikuwa na swali langu: imekuwaje kaunti ya Waislamu na wazee wa kaya, yenye watu kama sisi, ikampa mwanamke ugavana mwaka 2022, wa kwanza katika Pwani yote ya Kenya?

Mpakani hakuna la kusimulia. Ofisi za nchi mbili ziko pamoja, unagongewa mhuri, unabadilisha fedha, unatafutwa na makanga wa matatu. Lunga Lunga ikabaki nyuma, yakaja mashamba ya minazi na mikorosho, nami nikaona kwenye kuta za maduka mabango ya kampeni yaliyokwisha kupauka. Nyuso za wanawake zilikuwa nyingi kuliko nilivyotazamia.

Mama mdogo alinipokea kwa chai na mahamri, akanisikiliza, kisha akacheka. “Mwanangu, wewe waanza na mwanamke. Hapa watu huanza na wa wapi.”

Akanipangia hesabu ya Kwale kama wanavyoipanga wenyewe. Wadigo wako huku pwani, Msambweni, Matuga na Lunga Lunga. Waduruma wako bara, Kinango, kwenye ukame na mifugo. Wamo Wakamba na wengineo. Anayetaka ugavana hawezi kushinda na upande mmoja. Ndiyo maana mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza, Salim Mvurya, Mduruma, alimchukua Fatuma Achani, wakili na Mdigo, awe naibu wake. Walikaa pamoja vipindi viwili. Muda wa Mvurya ulipokwisha, Achani alisimama mwenyewe kwa tiketi ya UDA, chama cha William Ruto, na naibu wake akatoka kwa Waduruma. Mizani ni ileile, imegeuzwa tu.

“Kwa hiyo uanamke haukuhesabiwa?” nikauliza.

“Ulihesabiwa sana. Lakini baadaye.”

Jirani yake, mama wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga, alikuwa ameketi nasi. Yeye kura yake alimpa Profesa Hamadi Boga wa ODM, chama cha Raila Odinga, aliyewahi kuwa katibu katika wizara ya kilimo, na hakuona aibu kuisema mbele ya mwenyeji wangu. Profesa naye mtoto wa hapa, alisema, na ana elimu. Kwa nini ampe Achani kura kwa kuwa wote wawili wanavaa buibui? Nilimpenda kwa jibu lile. Wengi wetu tunaoandika habari hizi tunadhani wanawake ni kambi moja, wakipewa mwanamke kwenye karatasi watajipanga nyuma yake. Mwaka huohuo Martha Karua aligombea unaibu wa Rais pamoja na Raila Odinga, na kaunti yake ya Kirinyaga, wake kwa waume, ikampigia William Ruto kwa wingi. Kirinyaga hiyohiyo ikamrudisha Anne Waiguru kwenye ugavana. Uanamke wa Waiguru ulikuwa ndani ya chama kilichokuwa kikivuma eneo la Mlima Kenya, wa Karua ulikuwa nje yake.

Kilichonishangaza zaidi Kwale ni kinyume cha hilo. Huku Raila alishinda kura ya urais kwa mbali, na Achani wa chama cha Ruto akashinda ugavana. Mpiga kura yuleyule, asubuhi ileile. Sisi Tanzania Bara tumezoea karatasi tatu, Rais, mbunge na diwani. Wao hupewa sita, kila moja na rangi yake: Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na mwakilishi wa wadi. Mama mdogo alisema karatasi ya Rais huipiga kwa moyo, ya gavana kwa hesabu ya maji na karo. Na wala haikuwa ajabu kwao, maana mwaka 2017 Mvurya alishinda akiwa Jubilee, chama kilichompinga Raila, ilhali kaunti ilikuwa ya Raila.

Lile neno “baadaye” lilinirudia njiani kwenda Ukunda, kwa sababu ya kijana mmoja wa bodaboda. Nilimuuliza wagombea wanawake husemwa vipi kwenye mikutano. Akajibu bila kufikiri: huulizwa wameolewa wapi. Mwanamume haulizwi. Mwanamume ana kwao kumoja. Mwanamke ana kwa baba yake na kwa mumewe, na mpinzani huchagua kule kunakomfaa ili amfukuze. Joyce Laboso alikumbana na hayo Bomet mwaka 2017. Alikuwa Mkipsigis aliyeolewa na Mjaluo, wapinzani wakamwambia akaombe kura kwa wakwe zake. Akashinda, akamwangusha Isaac Ruto, akawa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini, pamoja na Waiguru na Charity Ngilu. Alifariki mwaka 2019.

Wadigo nao tuna ya kwetu katika hilo. Zamani urithi ulipita upande wa mama, shamba likaenda kwa mtoto wa dada. Nilitaka sana kuamini kwamba desturi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango Achani. Mama mdogo akaikata hoja yangu mara moja: mali ilipita kwa mama, lakini aliyeishika na kuamua alikuwa mjomba.

Kabla ya kurudi nilivuka Likoni kwa feri, nikazunguka Mombasa kidogo. Likoni ina mbunge mwanamke, Mishi Mboko, tangu 2017. Kabla ya hapo alikuwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti ya Mombasa. Aisha Jumwa alipita njia hiyo Kilifi kabla ya kuchukua ubunge wa Malindi. Viti hivyo 47 hudharauliwa, huitwa vya maua, lakini anayekalia kimoja amepigiwa kura na kaunti nzima, wanaume kwa wanawake. Jina lake limekwishazoeleka kwenye karatasi.

Kwetu pia ngazi ipo. Ummy Mwalimu alikaa viti maalum tangu 2010, mwaka 2020 akachukua jimbo la Tanga Mjini. Tofauti ni mlango wa kuingilia. Viti maalum, ambavyo baada ya uchaguzi wa 2020 vilikuwa 113, hugawiwa vyama kwa wingi wa kura zao za ubunge, na majina hutoka kwenye orodha za vyama. Anayeingia anawajua waliompanga kwenye orodha. Mimi mpiga kura wa Tanga sijawahi kuliona jina la mbunge wa viti maalum popote pa kutia alama. Halafu tunamlaumu kwamba anawasemea wakubwa wa chama.

Kenya haijafika. Katiba yao ya 2010 inakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili ya vyombo vya kuchaguliwa, na Bunge limeshindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo hata baada ya Jaji Mkuu David Maraga kumshauri Rais alivunje, Septemba 2020. Lakini kwa hili moja, la kuwapigia kura wanawake wao kwa majina, wametuzidi, na haligharimu zaidi ya karatasi. Wanaotuandikia sheria za uchaguzi waviweke viti maalum kwenye kura, mkoa kwa mkoa, jina kwa jina, nasi tuchague wenyewe nani atusemee.