Kivinjari Kisichonyambulika

Kwa miaka yote niliyofundisha sekondari, niliwahesabisha wanafunzi mizani kwa vidole. Ndivyo nilivyofundishwa mimi chuo cha ualimu, wala sikuona sababu ya kubadili. Baada ya kustaafu, mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni fundi wa programu, aliniletea zawadi: kiendelezi cha kivinjari. Nikiwa kwenye kompyuta, huchagua mshororo kwa kipanya, hubofya kitufe cha kulia, nacho hunionyesha idadi ya mizani katika kila kipande.

Jina lilinifurahisha kabla ya chombo. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huko kwa kuchunguza, na kivinjari ni programu tunayovinjaria mtandao. Kisha tazama: enda, endelea, endeleza, kiendelezi. Ni kijiprogramu kinachopachikwa katika kivinjari ili kitende jambo ambalo hakikuumbwa nalo, kama vile piga inavyopokea viambishi ikawa pigia, pigana, pigisha. Mwalimu wa sarufi hahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Toleo la kwanza lilihesabu irabu tu. Nikakijaribu kwa kipande changu, "Mtu akiwa na mbegu", kikanijibu mizani 7. Nikamweleza kijana kwamba m ya mtu ni silabi kamili, ilhali m ya mbegu imeungana na b. Akaandika kanuni: m ikifuatwa na konsonanti ihesabiwe, isipokuwa mbele ya b, v au w. Maneno kama mbwa na nchi tukayaorodhesha kando kwa upekee wake. Nikaridhika kwamba kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Hapa Tanga tuna kikundi cha washairi kinachotumiana tungo kwa WhatsApp. Yumo kijana mwendesha bodaboda mwenye kipawa kikubwa, ambaye hutunga akisubiri abiria. Siku moja nilimwandikia kwamba utao wa mshororo wake wa pili umepungua mizani moja. Akaniuliza: "Shikamoo Mwalimu. Umeijuaje upesi hivyo?" Nikamsifia kile kiendelezi na kumtumia kiungo. Baada ya saa moja akajibu kwamba simu yake imekikataa. Hana kompyuta, wala hajawahi kuwa nayo. Nilijiona kama mtu aliyemwalika mgeni karamuni katika nyumba isiyo na mlango.

Nikajaribu kwenye simu yangu. Kivinjari nilichokikuta ndani yake hakina hata mahali pa kupachika kiendelezi. Kinafanana na kishirikishi "ni" katika sarufi yetu: kinatumika kila siku, lakini hakinyambuliki.

Fundi wetu alinieleza hali ilivyo. Katika simu za Android, Firefox ilipokea viendelezi tangu zamani, lakini ilipoundwa upya mwaka 2020 ikabakiza vichache tu vilivyoteuliwa. Mlango ulifunguliwa tena Desemba 2023, vikaingia mamia. Kivinjari kingine, Kiwi, kilichopendwa kwa sababu kilikubali viendelezi vya Chrome ya kompyuta, kilitangaza mwanzoni mwa 2025 kwamba kinafunga kazi. Kwenye iPhone, Safari ilianza kuvipokea mwaka 2021, kwa toleo la 15 la iOS. Lakini huko kiendelezi hufungashwa ndani ya programu kamili na kupitia duka la Apple, na mtengenezaji hulipa dola 99 kila mwaka. Kijana wetu hana dola hizo za kutoa kwa ajili ya mizani ya wazee.

Sababu za ugumu huo si za kupuuza. Simu ina kumbukumbu ndogo na betri ya kuhurumiwa, na kioo chake hakina nafasi ya vitufe vingi. Tena kiendelezi chaweza kuomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kilichomo katika kila tovuti unayofungua, na simu ndiyo pochi yetu. Hilo lilinifanya nimuulize fundi swali ambalo sikumuuliza awali: chombo chetu kinaomba ruhusa gani? Kumbe kilikuwa kikiomba zote, kwa uvivu tu wa kuandika. Akaipunguza hadi kikawa kinasoma maneno unayokipa mwenyewe, basi.

Pamoja na hayo, siwezi kukubali kwamba simu ni kompyuta pungufu inayoweza kusubiri. Katika kikundi chetu, wenye kompyuta tuko wawili. Wengine wote husoma, hutunga na husahihisha kwa kidole gumba. Chombo cha lugha kisichofika kwenye simu hakijawafikia wao. Kimetufikia sisi wawili, ambao kwa hakika tulikwisha kujua kuhesabu.

Fundi aliamua kukiandika upya kwa ajili ya Firefox ya Android. Simu haina kipanya wala kitufe cha kulia, na ile menyu tuliyoitegemea haitumiki huko. Kwa hiyo sasa unakifungua kiendelezi, unabandika shairi, kinahesabu. Kasoro moja imebaki: kiendelezi huishi ndani ya kivinjari tu, hakiingii WhatsApp, hivyo sharti unakili tungo na kuihamisha. Nilimwelekeza yule kijana hatua kwa hatua, naye akafanikiwa.

Nilitazamia shukrani. Usiku ule nikapokea ujumbe huu: "Mwalimu, samahani, chombo kimekosea. Nimeandika 'Mvuvi hajui kesho, bahari humfundisha'. Kinasema ukwapi una 7. Mimi nasikia 8."

Nilihesabu kwa vidole, kama zamani. M-vu-vi-ha-ju-i-ke-sho. Alikuwa sahihi. Kanuni yangu ilitosha kwa mvua, ambayo m yake imeshikamana na v, lakini m ya mvuvi ni kiambishi cha ngeli ya watu na inasimama peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa mbebaji ukimlinganisha na mbegu. Nimefundisha ngeli maisha yangu yote, nikaisahau nilipomwamuru fundi.

Nilimjibu: "Marahaba, mwanangu. Sikio lako limeshinda." Asubuhi nikampelekea fundi orodha ya maneno ya kurekebisha: mvuvi, mvulana, mvivu, mbebaji, mbunge. Yule kijana ameongeza mengine 11, na bado anaendelea kuyatuma, kila anaposimama kusubiri abiria.