Nguo za Kuwindia

Mwalimu mtarajiwa, kabla hatujaingia katika kanuni za upatanisho wa kisarufi, naomba nikusimulie habari ya mavazi. Nimefundisha Kiswahili chuoni kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mwanachuo anayekariri jedwali la ngeli hulisahau mara tu mtihani unapokwisha. Anayeielewa sababu ya upatanisho kuwapo hasahau. Mimi sababu hiyo niliipata porini, nikiwa na umri wa miaka 12.

Nilikulia Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Kiangazi kilipofika, nyasi zikakauka na mavuno yakawa ghalani, mjomba wangu alituchukua sisi wavulana kwenda kuwinda wanyama wadogo na ndege: sungura, ndezi, kwale na kanga. Yeye alibeba upinde. Sisi tulibeba manati.

Mjomba hakuanza kwa kutufundisha kulenga shabaha. Alianza na nguo. Jioni ya kuamkia siku ya kuwinda alitupanga uani, kila mmoja akiwa amevaa nguo alizokusudia kuwindia, akatukagua kama mwalimu wa zamu anavyokagua wanafunzi.

Shati jeupe la shule lilikataliwa papo hapo. Ndege, alitueleza, huona rangi vizuri kuliko sisi, na kanga mmoja akishtuka hupiga kelele hadi kundi zima likimbie. Rangi iliyofaa ilitegemea majira. Mvua zikiwa bado hazijakatika, alitaka kijani kilichofifia. Nyasi zikisha kukauka, alitaka hudhurungi. Na moto ukisha kupita mbugani, alitaka kijivu cha majivu. Nguo ya buluu hakuiruhusu kamwe, lakini si kwa sababu ya ndege. Kando ya vijito vyetu kuna mbung'o, wadudu waenezao ugonjwa wa malale, nao huvutwa sana na rangi ya buluu. Ndiyo maana hadi leo mitego ya kuwaangamizia hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hiyo.

Baada ya rangi alipima sauti. Alishika mkono wa shati, akausugua karibu na sikio lake. Nailoni ilichakarisha, naye akasema, “Hii itamwamsha sungura kabla hujafika.” Sungura haangalii sana rangi, humtegemea sikio. Tena nailoni ina hatari nyingine: cheche ya moto wa nyasi ikiiangukia, huyeyuka na kuganda mwilini. Pamba nzito, hasa kaki iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika, ndiyo aliyoisifu. Kandambili nazo zilibaki nyumbani, kwa kuwa kila hatua zilipiga kofi kwenye kisigino.

Mwisho alitazama urefu na upana. Suruali ilipaswa kufika kwenye kifundo cha mguu na kuchomekwa ndani ya soksi, ili kuzuia kupe, miiba na upupu. Shati lisiwe pana mno likanaswa na matawi, wala lisibane mno likamzuia mtu kuvuta upinde. Kijana mmoja jirani aliwahi kuja na koti la mabakabaka lililofanana na la askari, akidhani atasifiwa kwa kujificha vizuri. Mjomba alimrudisha nyumbani palepale. Katika nchi yetu, raia anayeonekana porini na vazi la jeshi hujitafutia balaa, na sheria ya majeshi ya mwaka 2005 imelikataza jambo hilo waziwazi.

Asubuhi moja ya Januari kulikuwa na baridi kali. Mdogo wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 9, alichukua kanga kuukuu ya mama akajitanda mabegani. Ilikuwa nyeusi yenye madoadoa meupe. Mjomba aliikagua kama kawaida: pamba laini, rangi iliyofifia, haina sauti. Ilifaulu vipimo vyote, naye akaruhusiwa.

Tulitawanyika katika nyasi zilizotupita vimo. Jua lilikuwa halijapanda. Nilisikia mchakacho mbele yangu, nikachutama. Kati ya mashina ya nyasi niliona weusi, na juu ya weusi ule madoadoa meupe yakisogea polepole, karibu na ardhi. Nilivuta manati, nikaachia. Sauti iliyojibu haikuwa ya ndege.

Jiwe lilimpata mdogo wangu kwenye jicho la kushoto. Alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Mjomba alimbeba hadi barabarani, kisha tukampeleka hospitali kwa baiskeli. Alipona kidonda, lakini jicho lile halikuona tena.

Hakuna aliyenipiga. Jioni ile mjomba aliketi kimya muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: “Kosa ni langu. Niliwavisha ili mnyama asiwaone. Sikuwavisha ili ninyi muonane.” Tangu siku hiyo, kila aliyefuatana naye alifungwa kitambaa chekundu kichwani. Kwale na kanga walituona kwa urahisi zaidi, na mara nyingi tulirudi na ndezi mmoja tu. Tulipolalamika alijibu, “Heri kurudi mikono mitupu kuliko kurudi na msiba.”

Siku ile tulizungumza lugha yetu ya nyumbani, ambamo ndege yule na nguo ile havina jina moja. Nilipokuja kusoma Kiswahili ndipo nilipokutana na neno *kanga* likibeba vyote viwili, na moyo ukanishtuka. Husemwa kwamba nguo ilipewa jina la ndege huko pwani kwa sababu ya madoadoa yake. Aliyeipa jina aliona kile nilichokiona mimi nyasini.

Nikifundisha upatanisho, huandika ubaoni sentensi hii: *Niliona kanga nyasini.* Nawauliza wanachuo nimeona nini. Wengine husema ndege, wengine husema nguo, na wote wana haki, kwa maana sentensi haina alama ya kuwaongoza. Kisha naandika mbili nyingine: *Niliona kanga mwenye madoadoa* na *Niliona kanga yenye madoadoa.* Hapo hakuna tena wa kubishana. Katika sentensi ya kwanza, kiambishi *mw-* kinatangaza kiumbe hai, ngeli ya A-WA. Katika ya pili, *y-* inatangaza kitu, ngeli ya I-ZI. Nomino yenyewe haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kile ilichofungwa, kama kitambaa cha mjomba.

Siku hizi siwindi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inamtaka mwindaji awe na kibali, nami sina hamu ya kukiomba. Lakini kwa yeyote aliye na haki ya kuwinda, ushauri wangu juu ya mavazi ni ule wa mjomba baada ya ajali, wala si ule wa kabla yake: chagua pamba isiyo na sauti, rangi ya majira na urefu unaokinga mwili, kisha, juu ya hayo yote, vaa kitu kimoja ambacho mwenzako hawezi kukidhania mnyama.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Nikimtembelea, hugeuza kichwa kidogo ili anitazame kwa jicho la kulia. Hajawahi kunilaumu. Hata hivyo, mwanachuo akiniandikia *kanga yangu amepotea* na kuniambia kwamba ni kosa dogo, maana msomaji ataelewa tu, sicheki. Namwomba aketi, kisha namsimulia habari hii.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya *kanga wetu wamepotea* na *kanga zetu zimepotea*.
2. Linganisha *nguo za kuwinda* na *nguo za kuwindia*. Kiambishi *-i-* kimeongeza maana gani?
3. Kutokana na mzizi wa *vaa*, tunga sentensi tatu ukitumia *visha*, *valia* na *vua*.
4. Taja nomino nyingine mbili zenye maana zaidi ya moja, kisha utumie upatanisho kuzitofautisha.