Ajali ikitokea barabarani, wakaaji wakumbuke Sange

Kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira, lori likianguka, wa kwanza kufika si polisi wala Msalaba Mwekundu. Wa kwanza ni wakaaji wa kandokando: mama anayeuza ndizi, vijana wa motari, watoto wanaotoka kuchota maji, na familia za wakimbizi wa ndani waliopata hifadhi karibu na barabara. Gari la wagonjwa likija, linakuja baadaye. Kwa hiyo mambo mengi yanaamuliwa na watu hao, katika dakika za kwanza, kabla kiongozi yeyote hajafika.

Wakaaji wa bonde la Ruzizi wanajua dakika hizo zinaweza kuleta nini. Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka ndani ya Sange, katika tarafa ya Uvira. Esanse ikaanza kumwagika. Watu wakaja na bidoni, sufuria na ndoo, wakubwa na wadogo. Wengine hawakuwa na habari na lori. Walikuwa wamejaa katika vyumba vya kuonyesha mpira, maana ilikuwa siku ya mechi za Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, haukuchagua kati ya aliyeshika bidoni na aliyekaa kutazama mpira. Zaidi ya watu 220 walikufa, wakiwemo watoto na wanawake. Miili mingi haikutambulika tena, ikazikwa katika makaburi ya pamoja.

Kuanguka kwa lori peke yake hakukuua umati ule. Kati ya kuanguka na kulipuka ulipita muda, na katika muda ule watu walisogea karibu badala ya kwenda mbali. Na si Kivu pekee iliyoumia. Tarehe 6 Oktoba 2018, kule Mbuba, kwenye barabara ya taifa namba 1 katika jimbo la Kongo ya Kati, lori la mafuta liligongana na gari lingine, moto ukafika hadi nyumba za karibu. Watu wasiopungua 50 walikufa.

Ni rahisi kusema waliokufa Sange walikuwa na tamaa. Anayesema hivyo hajalala njaa. Bidoni moja ya esanse ni unga wa siku nyingi, ni pesa ya shule, ni dawa ya mtoto. Kwa familia iliyokimbia vita na kuacha shamba, mbuzi na nyumba, mafuta yanayotiririka barabarani yanaonekana kama riziki iliyoshuka. Kwa hiyo kukaripia watu hakutoshi. Inafaa kila mmoja aelewe kwa nini riziki ile ni mtego.

Esanse haiungui pale ilipomwagika tu. Inatoa mvuke usioonekana, ulio mzito kuliko hewa. Mvuke huo unatambaa chini, unaingia mitaroni na kufika mpaka kwenye nyumba. Babula ya mama anayepika mbali kidogo, sigara, taa ya kuwasha, au motari inayowashwa, kimoja tu kinatosha. Anayechota haoni hatari, kwa sababu hatari imeshampita na iko nyuma yake.

Kwa hiyo lori la mafuta likianguka, kazi ya kwanza ni kuondoka na kuondoa wengine. Watu wasimame mbali, mita 300 au zaidi, upande upepo unakotoka. Kama tangi limeshika moto, wazidi kwenda mbali. Mababula yote ya jirani yazimwe, kama muda upo. Vijana wawili waende upande mmoja wa barabara, wawili upande mwingine, waweke matawi na kusimamisha magari. Watu wazima washike watoto, kwa maana mtoto hufuata umati.

Ajali isiyo ya mafuta nayo ina adabu yake. Majeruhi asivutwe mikono na miguu kama gunia, isipokuwa moto au magari yanamtishia pale alipo. Anayevuja damu, kidonda kikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Asiye na fahamu lakini anapumua alazwe ubavu, na asipewe maji ya kunywa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20; asipakwe dawa ya meno, mafuta wala udongo. Aliyeumia mgongo asikalishwe kwenye motari katikati ya watu wawili. Kipoyi cha miti na blanketi, kikibebwa polepole, kitamfikisha kituo cha afya salama kuliko motari ya haraka.

Kuna mambo mengine yanayoaibisha. Mifuko ya mtu anayekufa haipekuliwi. Dereva hapigwi mawe. Akiuawa, hakuna atakayeeleza ajali ilitokeaje, na familia za wafu hukosa haki mbele ya sheria. Na picha za maiti hazitumwi WhatsApp. Familia nyingi zilizohama zimetawanyika: baba yuko Uvira, watoto wako Burundi, bibi amebaki kijijini. Hakuna mama anayestahili kujua kifo cha mwanawe kwa kuona picha kwenye simu ya jirani. Heri mtu mmoja mwaminifu aandike majina ya majeruhi na mahali walipopelekwa, ili ndugu wawapate.

Mambo haya hayapangwi siku ya ajali, maana siku hiyo kila mtu anapiga kelele. Yanapangwa kabla. Kila nyumba kumi, kila kambi, kila kanisa na msikiti ulio kando ya barabara unaweza kukubaliana: nani anapiga simu kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya, nani anasimamisha magari, kipoyi kinalala kwa nani, nani anaangalia watoto. Wageni waliofika juzi nao waelezwe jina la mahali walipo, ili wakipiga simu waweze kuita msaada uje wapi.

Na mzazi asiyekuwa na muda wa mkutano ana jambo moja la kumfundisha mtoto wake usiku huu, mpaka alijue kwa moyo: lori la mafuta likianguka, usiende kuangalia, kimbia mbali, kisha uite mkubwa.