Mtenda ni Nani?

Nilizaliwa Mbale, chini ya Mlima Elgon, ambao sisi Wamasaba huuita Masaba. Kila mwaka wa shufwa, ifikapo Agosti, watu humiminika katika uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya mji, kufungua msimu wa tohara uitwao imbalu. Ngoma za kadodi hurindima. Vijana waliopakwa unga wa wimbi na tope hucheza barabarani wakifuatwa na jamaa zao. Siku ya kisu, kila mmoja husimama hadharani mbele ya ngariba bila kupepesa jicho, maana akitetemeka, aibu huwapata ukoo mzima.

Wazee husimulia kwamba chanzo cha yote haya ni mwanamke. Mwambu alimposa Nabarwa, binti wa Kikalenjin, naye akajibu kwamba hataolewa na mwanamume asiyetahiriwa kama wanaume wa kwao. Mwambu akakubali, na Mutoto ndipo alipotahiriwa.

Mwaka 2024, msimu huo ulipokaribia, nilikuwa nikifundisha kauli ya kutendwa katika darasa moja mjini Jinja. Nikaandika ubaoni: "Mwambu alimwoa Nabarwa. Nabarwa aliolewa na Mwambu." Kisha nikaeleza, kwa uhakika uliozidi elimu yangu, kwamba mtendwa hana hiari, jambo humfika tu. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama Nabarwa hakuwa na hiari, ni nani aliyemfanya Mwambu akatahiriwe?"

Darasa lilicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Usiku ule nilikumbuka imbalu yangu. Kisarufi, nilitahiriwa: mtenda ni ngariba, nami ni mtendwa. Lakini niliomba mwenyewe, nikazunguka kwa wajomba na mashangazi kutangaza siku yangu, nikacheza, nikasimama. Hakuna mzee wa kwetu angesema kwamba siku ile sikutenda neno. Kiambishi -w- hutuonyesha tu kwamba kiima ndicho kilichopokea tendo. Hakisemi lolote kuhusu hiari yake. Mimi nilikuwa nimevichanganya viwili hivyo, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nimewaambia wasichana kwamba kitenzi cha ndoa yao ni kitenzi cha kungojea.

Kesho yake niliingia darasani nikasema, "Jana nilikosea." Nikaifuta mifano ya awali, nikaandika sentensi moja: "Nabarwa alikataa kuolewa hadi Mwambu alipokubali kutahiriwa." Nikawataka wataje vitenzi vyote na kauli zake. Yule msichana alitangulia kujibu: viwili vimo katika kauli ya kutendwa, na kila kimoja kimetanguliwa na kitenzi cha kutenda. Safari hii hakuna aliyecheka, walikuwa wakiandika.