Kamba Isiyofanya Kazi

Wasomaji wangu wa siku nyingi wamezoea kelele zangu kuhusu lugha ya kufundishia. Leo nieleze zilikoanzia.

Niliposoma shahada ya uzamili ya fizikia, somo lililonitoa jasho lilikuwa mekanika ya kikale. Jaribio la kwanza nilipata alama 9 kati ya 30. Kitabu kilikuwa cha Goldstein, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1950, nami nilikikariri kama msahafu. Ada nayo ilinilazimu kufundisha kidato cha tano katika shule moja ya Kisarawe. Nilikuwa nikiishi Kibaha, hivyo kila Ijumaa nilidamka alfajiri na kubadilisha daladala hadi kilima cha Pugu kinapokwisha.

Siku moja nilifundisha pendula: jiwe, kamba, msumari. Nikasema kwa Kiingereza kwamba kamba haifanyi kazi yoyote, kwa kuwa mvuto wake daima ni wima dhidi ya mwelekeo wa jiwe. Darasa zima likaandika. Nikarudia kwa Kiswahili, na hapo zogo likaanza. Binti mmoja akainuka: "Mwalimu, kamba ndiyo imeshika jiwe. Ikikatika jiwe linaanguka. Haifanyi kazi vipi? Basi na mlinzi wa getini, anayesimama usiku kucha, hafanyi kazi?"

Kwa Kiingereza hakuna aliyekuwa ameuliza. Neno lile la kigeni halikuwadai chochote. "Kazi" waliijua majumbani mwao, na hawakukubali idharauliwe bila maelezo.

Sikuwa na jibu la maana. Nililipata njiani kurudi Kibaha, nimebanwa dirishani. Jiwe linalobembea huru katika ubapa huhitaji namba mbili kulieleza lilipo. Kamba inaondoa moja. Inabaki pembe peke yake. Haiongezi nishati wala haipunguzi, lakini ndiyo inayoamua jiwe liweze kwenda wapi na lisiweze kwenda wapi. Ndiyo maana Lagrange, katika kitabu chake cha 1788 kisicho na mchoro hata mmoja, aliweza kuiacha kamba nje ya milinganyo: ilikwisha kuingia tangu alipochagua pembe. Kurasa nilizozikariri miezi miwili zikafunguka ndani ya daladala. (Watumishi wa umma mnaonisoma mnazijua kanuni za namna hiyo, zisizosukuma mtu ila zinazompangia pa kupita.)

Ijumaa iliyofuata nilimjibu yule binti hivyohivyo, kwa Kiswahili. Mkuu wangu wa idara aliposikia, alinionya kwamba nawaharibia watoto Kiingereza cha mtihani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyokipa Kiswahili nafasi katika ngazi zote, ilikuwa bado haijaandikwa. Na hata ilipoandikwa, vyumba vya madarasa ya sekondari havikubadilika.

Katika mtihani wa majaribio swali la pendula lilikuja. Binti alianza kwa Kiingereza, akakata mistari mitatu, kisha akamalizia kwa Kiswahili: kamba haifanyi kazi ila inaweka mipaka, hivyo pembe inatosha. Mlinganyo wake ulikuwa sahihi, hata uzito wa jiwe ulikuwa umejifuta kama inavyopasa. Nilimpa alama zote 10. Karatasi iliporudi kutoka kwa mhakiki, ile 10 ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa 2, na mimi ndiye niliyemkabidhi.