Nyundo Ilikuwa Mkononi Mwangu

Pete ile haikuchomoka yenyewe. Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba kijana aliyekuwa akinisaidia gereji ndiye aliyeifunga vibaya. Aliyeifunga ni mimi, na aliyeigonga ni mimi.

Lori lilikuwa Bedford kuukuu la jeshi. Mfanyabiashara wa mbao alilinunua mnadani, akawa anashusha nalo mzigo kutoka Rongai hadi Moshi. Tairi moja la nyuma lilikuwa likivuja taratibu. Dereva alilijaza upepo asubuhi akaondoka, jioni akalirudisha limelegea. Hapo tayari palikuwa na hatari, maana tairi la inchi 20 likitembea na upepo pungufu kwenye rimu ya vipande, pete hucheza katika mfereji wake, ikalika, maji yakaingia, kutu ikajaa.

Asiyewahi kuishika rimu hiyo aelewe kwamba si chuma kimoja kama ya gari dogo. Tairi lake ni gumu mno kulivusha kwa mtaimbo, kwa hiyo ukingo wa upande mmoja hutolewa mzima, na pete iliyokatwa ndiyo inayoushikilia. Boliti hakuna. Upepo wenyewe huisukuma pete ikae, na upepo huohuo huirusha isipokaa, kwa nguvu ya kuhesabiwa kwa tani. Marekani waliwawekea mafundi kanuni mwaka 1980: tairi lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa kompresa uwe mrefu, fundi akae nje ya njia ya pete, na pete isigongwe kamwe tairi likiwa na upepo. Kanuni hiyo sikuwa nimeisoma, lakini fundi mkuu alitwambia yaleyale kila rimu ya namna ile ilipoingia. Kizimba hatukuwa nacho. Tulizungushia tairi mnyororo. Siku ile mnyororo ulikuwa umening'iniza injini ya gari jingine, nami sikutaka kusubiri.

Kuziba pancha hakukuwa kazi. Flapu, utepe unaoukinga mpira wa ndani usisuguane na rimu, ilikuwa imekunjika ikausugua mpira wa ndani hadi ukatoboka. Nilikwangua, nikapaka solusheni, kiraka kikashika. Nilichokiruka ni brashi ya waya. Kutu ya mfereji ilikuwa imeganda, na kuisafisha kungekula muda, huku tajiri mwenye lori amesimama mlangoni akiuliza kama tairi tunalitengeneza au tunalilea. Nikaibana pete juu ya kutu.

Tulipoanza kujaza, niliona upande mmoja umeinuka, nafasi ya kupitisha ukucha. Dawa yake niliijua: ng'oa valvu, upepo uishe wote, anza upya. Badala yake nilimwambia kijana aendelee kushikilia mpira wa kompresa, nikachukua nyundo. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara nyingi, pete ikaingia kwa mlio na waliokuwapo wakanisifu. Sikuwa mjinga wa jambo lile. Nilizoea kusalimika tu.

Safari hii pete iliruka, ikapita kando ya bega langu, ikamvunja kijana mkono chini ya kiwiko, ikatoboa bati la paa. Fundi mkuu alikuja mbio akauliza nani kaifunga. Kijana alikuwa ameketi chini, ameushika mkono, hawezi kusema neno. Nikasema, "Ni yeye, fundi." Nyundo niliisukuma kwa mguu chini ya lori.

Baada ya siku chache mama yake alifika gereji na mkungu wa ndizi. Alikuja kuniomba radhi kwa uzembe wa mwanawe, nisije nikamfukuza. Nilimwambia, "Usijali, mama, vijana ndivyo walivyo." Mkungu niliupokea.

Mkono uliunga ukiwa umepinda kidogo. Mwaka jana nilimfuata kijana huyo, sasa mtu mzima mwenye watoto, nikamweleza ukweli. Alisema alikuwa akinitazama nilipoinua nyundo. Hakuna nilichomwambia ambacho hakukijua. Kilichomuuma ni mama yake kuja kuniomba radhi. Akaniambia niende kwa mama yake. Mama huyo anauza ndizi soko la Mbuyuni, na mpaka ninapoandika haya sijaenda.