Fito Sita za Padre Mzee



Kila Alhamisi alasiri sisi mafrateri wawili wa mwaka wa pili wa falsafa huenda kwenye nyumba ya mapadre wazee kwa ajili ya utume. Kazi zenyewe ni za kawaida: kupiga deki, kufua, kumshika mkono anayetaka kutoka nje kuota jua, na kumsomea yule ambaye macho yake yamechoka. Miongoni mwao yupo padre mmoja Mwingereza, aliyekuja nchini akiwa kijana na sasa ana miaka themanini na kitu. Juu ya kabati lake kuna mirija sita mirefu. Siku ya kwanza tulipoishusha ili tuifute vumbi, tulimsalimu tukamwuliza kama ndani mna ramani. Alitutazama kwa muda kabla ya kujibu.

"Fungueni mwone, wanangu."

Ndani ya kila mrija mlikuwa na ufito wa kuvulia samaki, umetenganishwa vipande vipande na kuvikwa mfuko wa kitambaa, kama mtu anavyoitunza kalisi aliyopewa siku ya upadrisho wake.

Wengi wetu tunajua uvuvi wa nyavu, au wa mshipi na ndoana yenye chambo. Uvuvi wa Padre ni wa namna nyingine. Mvuvi huchukua ndoana ndogo, akaizungushia nyuzi na manyoya ya ndege mpaka ifanane na mdudu aliyetua juu ya maji. Samaki aina ya trauti, ambaye huishi katika mito ya baridi, hudanganyika akamrukia. Inzi huyo bandia hana uzito wowote. Ukimtupa peke yake haendi mbali. Uzito umo kwenye mshipi. Mvuvi huupeleka mshipi nyuma na mbele hewani, ufito unapinda na kunyooka, na mshipi unambeba inzi mpaka pale samaki alipo. Ndiyo maana kila ufito hutengenezwa kwa ajili ya mshipi wa uzito fulani na kupewa namba. Futi 30 za kwanza za mshipi namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi. Za namba 8 hufikia gramu 13 na nusu. Namba 3 hufaa vijito vidogo, namba 5 hufaa mito ya kawaida ya trauti, namba 8 huweza kushindana na upepo wa baharini, na namba 12 ni ya samaki wakubwa sana wa bahari ya joto.

Ufito wa kwanza wa Padre aliurithi kwa baba yake. Ni wa mwanzi wa China, uliopasuliwa vipande sita vyembamba na kugundishwa upya ukawa ufito mmoja wenye pembe sita. Ndio aliokwenda nao likizo Kenya, kuvua katika milima ya Aberdare, ambako trauti hawakuwako mpaka wakati wa ukoloni. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliwaweka samaki hao wa asili ya Scotland katika mto Gura. Ufito wa pili ni wa nyuzi za kioo, aliununua kwa kuwa ule wa mwanzi ulikuwa mzito. Wa tatu ni wa nyuzi za kaboni, ambazo ziliingia katika uvuvi miaka ya 1970, kwa kuwa ule wa kioo ulikuwa mlegevu. Hadi hapo kila ufito ulichukua nafasi ya uliotangulia.

Kuanzia wa nne mambo yalibadilika. Ufito wa nne ni mfupi, kwa ajili ya vijito vilivyofunikwa na vichaka. Wa tano una futi 10 na nusu, kwa ajili ya kuvua kwa chambo kinachozama karibu na mawe, mtindo ulioenezwa na wavuvi wa mashindano wa Ulaya. Wa sita ni namba 8, kwa ajili ya bahari, na baharini Padre hakuwahi kuvua hata siku moja.

"Tamaa hii haisemi uongo," alituambia. "Kila ufito kweli hufanya kazi moja vizuri kuliko mwenzake. Ndiyo maana ni vigumu kuikataa."

Mpwa wake aliyeko Uingereza bado humtumia vijarida vya bidhaa za uvuvi, na sisi ndio tunaomsomea. Fito za daraja la juu sasa huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Mara ya kwanza tulidhani tumekosea kusoma, tukarudia. Padre akacheka, akatusimulia kuhusu maandishi ya kale ya Kiingereza juu ya uvuvi wa ndoana, yaliyochapwa mwaka 1496. Mapokeo yanasema mwandishi wake ni mtawa, Juliana Berners, ingawa wanahistoria wana mashaka. Maandishi hayo humfundisha mvuvi kujitengenezea ufito kwa mikono yake, huorodhesha inzi bandia kumi na wawili tu wa kumtosha, na humwonya asivue kwa pupa bali autumie upweke wa mtoni kusali.

Alhamisi moja, tulipokuwa tunaufuta mrija wa tano, alituambia tuuweke chini, tukae.

Mwaka wa jubilei yake ya miaka 25 ya upadre, ndugu zake walimtumia fedha wakamwambia anunue kitu cha kumfurahisha. Wakati huo katekista wa kigango cha mbali alikuwa anatembea kilomita kumi na nne kwenda na kumi na nne kurudi kila Jumapili. Alikuwa ameomba baiskeli, na Padre alikuwa amemjibu kwamba parokia haina fedha.

"Na kweli parokia haikuwa na fedha," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nazo."

Aliagiza ufito. Ulipofika, katekista yuleyule ndiye aliyembebea mrija kutoka posta. Aliuliza kama ndani mna ramani, na Padre akamjibu kwamba ni vifaa vyake tu. Ufito huo aliuvulia mara mbili. Katekista aliendelea kutembea kwa miaka minne, hadi wafadhili walipoleta baiskeli, na hakuwahi kulalamika.

"Nimekwisha kuungama," Padre alisema. "Lakini katekista amefariki, na ufito bado uko juu ya kabati."

Hatukujua la kusema. Tuliurudisha mrija mahali pake tukaenda kufua.

Muhula huohuo darasani tulikuwa tunasoma kitabu cha Aristotle juu ya siasa. Mwanzoni kabisa anasema kwamba maumbile si bahili kama wahunzi wanaotengeneza kisu cha Delphi, kisu kimoja cha kazi nyingi. Kila chombo hufanya kazi vizuri zaidi kikiwa na kazi moja. Tulitazamana. Mwanafalsafa alikuwa upande wa mwuza fito! Lakini kurasa chache mbele, anapozungumzia mali, anasema hakuna ufundi wowote ambao vyombo vyake havina kikomo, kwa wingi wala kwa ukubwa. Lengo la kazi ndilo linaloweka mpaka. Tukaona kwamba mafundisho hayo mawili lazima yasomwe pamoja. Ufito wa nne ulikuwa na kijito chake. Wa sita haukuwa na kazi yoyote ya kuuwekea mpaka. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anatofautisha mali ya asili, inayotosheleza mahitaji na ambayo hamu yake hufika mwisho, na mali isiyo ya asili, yaani fedha, ambayo hamu yake haina mwisho. Tunadhani kitu cha aina ya kwanza kinaweza kutamaniwa kana kwamba ni cha aina ya pili, na kwamba ndivyo ilivyotokea juu ya lile kabati.

Kisu cha Delphi kwetu tunacho: ni panga. Nyumbani kwa mmoja wetu kuna panga moja. Linafyeka majani, linapasua kuni, linachonga mpini, linakata mkungu wa ndizi. Halifanyi hata moja ya kazi hizo kwa ubora wa shoka au mundu. Lakini jirani hulijia asubuhi, na jioni hulirudisha. Thoma anafundisha kwamba mtu anaweza kumiliki vitu kama vyake, ila katika kuvitumia avihesabu kuwa ni vya wote, awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Sasa jaribu kumshirikisha mtu ufito wa futi 10 na nusu, uliotengenezwa kwa samaki mmoja, mtindo mmoja na mto wa baridi. Padre amekwisha kujaribu kuzigawa fito zake. Wavuvi wa ziwani walizishika, wakazitikisa, wakamrudishia kwa heshima. Baiskeli ya katekista ingempeleka kigangoni Jumapili, Jumatatu ikabeba mahindi, Jumanne ikampeleka mgonjwa zahanati.

Hatusemi kwamba kila chombo maalumu ni anasa. Daktari wa macho ana vifaa ambavyo hakuna awezaye kumwazima, na kwa vifaa hivyo kijiji kizima huona. Lakini kabla ya kununua, inafaa kujiuliza: kitu hiki, mbali na mimi, kitamfaa nani?

Na hapa inatubidi tuseme la kwetu, maana si haki kuandika dhambi ya mzee na kuficha ya vijana.

Sisi wawili tulikuwa tunakusanya fedha ili tununue kishikwambi chenye kalamu yake. Tulikuwa tumeshawishiana kwamba tasnifu zetu haziendi kwa sababu kompyuta mpakato tunayotumia pamoja ni nzito na ya zamani. Sehemu ya fedha ilitoka kwa mama wa mmoja wetu, ambaye huuza ndizi mbivu stendi. Tulimwambia ni za vitabu. Kishikwambi nacho hubeba vitabu, tulijifariji, na katika somo la mantiki tumekwisha kujifunza hoja ya namna hiyo inaitwaje. Wakati huohuo Summa Theologiae ilikuwa imekaa maktabani, na tangu mwaka uanze hatukuwa tumeiazima hata mara moja.

Tulimpigia simu jioni ileile, baada ya Masifu. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama fedha bado zipo, kwa kuwa mdogo wetu alikuwa anadaiwa michango shuleni na yeye aliona aibu kutuambia. Tulizituma kesho yake asubuhi. Hatukuwa mashujaa: kishikwambi bado tunakitamani, na wiki iliyopita tulijikuta tunaangalia bei yake tena.

Katika Injili samaki huvuliwa kwa nyavu, isipokuwa mara moja, kwa Mathayo, ambapo Petro anaambiwa akatupe ndoana. Anapata samaki mmoja, na kinywani mwake sarafu moja inayotosha kulipa kodi ya wawili. Padre anaipenda sana sehemu hiyo. Husema haimo habari yoyote ya ufito aliotumia Petro.

Alhamisi iliyopita alituomba tumshushie ufito wa mwanzi peke yake. Tuliuunga, tukamtolea kiti uani, tukamfungia mshipi bila ndoana. Mkono wake unatetemeka. Aliurusha juu ya nyasi mara tano au sita, na mshipi ukaanguka karibu, umejikunja. Mara moja tu ulinyooka wote. Hakusema kitu, alitupa ufito tuujaribu na sisi, kwa zamu, mpaka kengele ilipolia.

Fito tano zilizobaki bado ziko juu ya kabati, na tunaendelea kuzifuta vumbi. Kama yupo msomaji anayejua mahali ambapo vijana wanaweza kuzitumia, atuandikie kupitia ofisi ya jarida, Padre ameruhusu. Na tunaomba mumkumbuke katika sala zenu, pamoja na marehemu katekista wake.